Gari ya kulala familia: kopeni chuma, mbao lipeni taslimu

SWALI

Assalaamu alaykum, Bi Mkubwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Wete, mume wangu ni muuguzi. Tuna watoto wanne, wa kwanza ana miaka 13 na kitinda mimba ana miaka 5. Kwao mume wangu ni Makunduchi, na kila Julai tunavuka kwenda Mwaka Kogwa na mabegi, mito na sufuria, tukifika tunalala tumebanana kama dagaa. Skuli zikifungwa watoto wanataka Vumawimbi, na huko hatuna jamaa wa kutulaza. Tumeazimia kununua gari ambayo usiku tutalala ndani yake, na siku za kazi itupeleke skuli na hospitali.

Baba watoto ameona mjini Unguja Mazda Bongo Friendee ya mwaka 2000, ya dizeli. Paa lake linanyanyuka kwa umeme na juu panalala watu wawili. Mwenyewe anataka milioni 17. Mimi nimeona yadi moja ina HiAce ya petroli ya mwaka 2010, bei milioni 24, ndani tupu, itabidi tutengeneze vitanda. Akiba yetu ni milioni 9, na 6 kati ya hizo ni zangu, za mchezo wa upatu na za karafuu. Nina mikarafuu ya urithi Mtambwe. Mishahara yetu miwili ikishakatwa kila kitu inabaki 1,650,000 kwa mwezi.

Njia za pesa ni tatu. Benki itatununulia kwa murabaha: sisi tutoe milioni 9, wao 15, tuwarejeshee 19,500,000 kwa miezi 36. Yadi wenyewe wanasema tutoe milioni 12, kisha 700,000 kila mwezi kwa miezi 24, kadi ya gari ikae kwao mpaka tumalize. Na kaka yangu aliyeko Muscat anasema atatuma riyali za kutosha milioni 15, "mtanilipa mkipata". Dalali anatuhimiza tumpe milioni 2 leo leo ashike gari isiuzwe. Tufanye lipi? Na gari iandikwe jina la nani?

Mama wa watoto wanne, Wete

JIBU

Waalaykumu salaam, mwalimu. Nimestaafu kutoka dirisha la mikopo la benki, na nimefurahi umeandika kabla ya kusaini. Wengi hutuandikia wino umeshakauka.

Naanza na hizo milioni 2, kwa sababu ndizo zinazokukimbiza. Msimpe dalali hata shilingi. Murabaha ni biashara ya kununua na kuuza: benki inainunua gari kwa mwenye yadi, inakuwa mali yake, kisha inakuuzieni kwa bei iliyotajwa, mtaji wake na faida yake vikiwa wazi. Mkishakwenda nyinyi kwanza mkakubaliana na yadi, mkatoa pesa na kuandikiana mauziano, gari imeshakuwa yenu, na benki haina tena cha kununua. Nimewahi kuwarudisha watu wenye sifa zote za kupata mkopo kwa sababu hii moja tu. Kwa hiyo chukueni ankara ya bei kutoka yadi ikiwa imeandikwa kwa jina la benki, ipelekeni, na pesa zenu za mwanzo zipitie benki. Kama dalali anasema kuna mnunuzi mwengine anakuja jioni, mwacheni aje. HiAce si gari ya kutafutwa kwa tochi visiwani kwetu.

Katika murabaha shikeni mambo matatu kabla ya kutia saini. Bei mliyouziwa haiongezeki, hata mkichelewa. Benki inaweza kuwatoza faini ya kuchelewa, lakini kwa utaratibu wa mabenki ya Kiislamu faini hiyo huenda kwenye sadaka, haingii kwenye faida yao. Ulizeni iko kifungu gani cha mkataba. La pili, mkipata pesa mkataka kumaliza mapema, benki hailazimiki kuwapunguzia faida. Inaweza kusamehe kiasi kwa hiari yake, basi ulizeni desturi yao sasa hivi, wakati bado wanawataka. La tatu ni kifo, Mungu awaepushe: ulizeni kama kuna bima au takaful (bima ya Kiislamu) inayolifuta deni pale mmoja wenu akifariki, na inawagusa nyote wawili au yule tu aliyetia saini.

Wazee wetu wengi walikaa mbali na mikopo kwa kuogopa riba, na walikuwa na haki ya kuogopa, kwani dirisha lililokuwapo lilikuwa moja tu. Benki ya Watu wa Zanzibar imekuwapo tangu mwaka 1966, lakini huduma zake za Kiislamu, Ikhlas, zilianza mwaka 2011, mwaka uleule ilipofunguliwa Amana Bank. Leo mnaweza kupata karatasi za benki zaidi ya moja mkazilinganisha mezani. Fanyeni hivyo. Benki mliyokwenda si lazima iwe ya mwisho.

Sasa yadi. Watu hupenda malipo ya yadi kwa sababu hayana fomu nyingi. Pigeni hesabu: milioni 12 na 700,000 mara 24, jumla 28,800,000. Kwa benki ni milioni 9 na 19,500,000, jumla 28,500,000. Jumla zinakaribiana, lakini yadi inawakopesha milioni 12 kwa miaka miwili na kuchukua milioni 4.8 juu yake, wakati benki inawakopesha milioni 15 kwa miaka mitatu na kuchukua milioni 4.5. Yadi ni ghali zaidi, na tena akiba yenu haifiki hizo milioni 12. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kadi. Miaka miwili gari itakuwa kwa jina la mtu ambaye nyinyi hamjui madeni yake. Akidaiwa yeye, gari iliyolala uani kwenu ni mali yake kwa mujibu wa kadi. Benki nayo hushikilia kadi, lakini jina lenu huwa limo, na kwa kuwa ina msimamizi, mna pa kwenda kulalamika.

Kaka yako Allah amlipe. Mkopo wa ndugu usio na ziada ni qardhi hasan, na hakuna pesa safi kuliko hiyo. Lakini "mtanilipa mkipata" si muda. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, tumeamrishwa deni la muda liandikwe na washuhudie mashahidi. Haikusemwa kuwa ndugu wao wasiandikiane. Andikeni kiasi, tarehe ya kuanza kulipa na kiwango cha kila mwezi, na andikeni deni ni la sarafu gani. Hapo ndipo watu wanapoumia. Riyali ya Omani imefungwa na dola tangu mwaka 1973, na tangu 1986 moja ni dola 2.60 na kitu. Mkikopa riyali mnalipa riyali, na shilingi ikishuka, deni lenu kwa shilingi linapanda ijapokuwa kaka yako hakuongeza hata baisa. Nyinyi mnalipwa mshahara wa shilingi. Kama kaka yuko radhi, aandike kuwa amewakopesha shilingi milioni kadhaa na atapokea shilingi milioni hizo hizo. Kama hayuko radhi msimlaumu, yeye anakula kwa riyali. Ila hapo mimi singechukua zote 15. Ningemwomba kidogo, kitu ambacho hata akikihitaji ghafla kwa maradhi au harusi mnaweza kukirejesha bila ya kuuza gari.

Kwa hiyo mimi nakwenda na benki, lakini si kwa hesabu hii mliyoletewa. 19,500,000 kwa miezi 36 ni 541,667 kwa mwezi, na theluthi ya kipato chenu ni 550,000. Yaani rejesho peke yake linakula karibu theluthi nzima, na gari bado haijatiwa mafuta. Kuna bima kubwa, maana benki haitokubali bima ya mtu wa tatu pekee mpaka deni liishe. Kuna leseni ya njia, tairi, oili. Na kuna nauli ya meli kila mnapovuka na gari kutoka Mkoani kwenda Malindi, hapo hulipi nauli ya watu tu, na chuma kinalipiwa. Watoto wanne bado wanakula na kuvaa.

Fanyeni hivi. Kwa miezi sita ijayo jifanyeni mnadaiwa. Kila mshahara ukiingia, wekeni 540,000 pembeni kwenye akaunti isiyo na kadi ya kutolea pesa, kabla hamjanunua hata mchele. Ikifika mwezi wa tatu mkaanza kuzichota, basi deni hilo si saizi yenu, na mmelijua bila ya kunyang'anywa gari. Mkifika mwisho salama mtakuwa na milioni 3.24 juu ya 9, yaani zaidi ya 12. Hapo mtaomba benki milioni 12 badala ya 15. Kwa kiwango kilekile cha faida mtarejesha 15,600,000, sawa na 433,333 kwa mwezi. Laki moja na zaidi inabaki nyumbani kila mwezi, ndiyo mafuta na bima.

Umeitaja mikarafuu na nimefurahi, lakini usiiingize kwenye rejesho. Wewe ni mtu wa Pemba, huhitaji kufundishwa kuwa mkarafuu ukizaa sana mwaka huu mwakani unaweza kupumzika. Benki haipumziki. Rejesho litoke kwenye mshahara, karafuu zikipimwa ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa, na pesa zikaingia, zitengeneze vitanda. Na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: mkopo uishie kwenye gari yenyewe. Vitanda, makabati, taa, turubai, vyote hivyo vilipieni taslimu kidogo kidogo. Benki ikija kuikadiria HiAce yenu inaangalia injini, bodi na mwaka, kitanda chenu cha mbao haikihesabu hata shilingi, na mnunuzi wa baadaye huenda akawaambia mking'oe. Si busara kulipa faida ya miaka mitatu kwa kitu ambacho siku ya kuuza ni sifuri. Mwaka wa kwanza laleni juu ya magodoro ya sponji sakafuni. Watoto hawatolalamika, na nyinyi mtajua kwa kulala mnataka kitanda kikae wapi.

Tuje kwenye gari zenyewe. Baba watoto asinichukie. Bongo Friendee ni gari nzuri kwa alichokusudia aliyeitengeneza, na hilo paa ni raha, upepo wa kusi unapita kama uko barazani. Lakini ilitengenezwa baina ya mwaka 1995 na 2005, hakuna Bongo Friendee changa popote duniani. Injini iko chini ya viti vya mbele, maji ya kupoza yanasafiri kwenye mipira mirefu, na ikipungua maji bila ya dereva kujua, inachemka na silinda hedi inapasuka. Wenye nazo Uingereza, ambako zilipendwa sana, hufunga king'ora cha kuwaambia maji yamepungua. Hapa Wete nani ana mpira wa rejeta ya Bongo? Nani ana mota ya paa? Mtaagiza, mtasubiri, na mwezi huo rejesho halisubiri. Juu ya yote, Bongo inalaza wanne, wawili juu na wawili chini. Nyinyi ni sita.

HiAce spea zake ziko Wete, Chake, Mkoani, kila fundi ameshaifungua. Hiyo ya petroli namba ya chesisi itaanza na TRH. Ikianza na KDH ni dizeli, na hapo sharti apatikane fundi wa kuangalia nozeli, maana bei yake inaweza kuwalaza njaa. Kwa safari zenu, Wete na Makangale, Wete na Mkoani, petroli ya cc 2000 inatosha. Gari ya urefu wa kawaida ni kama mita 4.7. Sitokuficha, nayo haitolaza watu sita ndani kwa raha. Wanne watalala ndani, wewe na wadogo, na baba na mkubwa wake walale nje chini ya turubai lililofungwa ubavuni mwa gari, na chandarua. Wavuvi wetu wanapiga dago, kambi ya ufukweni, miezi mizima kwa kidogo kuliko hicho.

Kabla ya kuipenda, someni kadi yake. HiAce nyingi zinaletwa zikiwa za mzigo, viti vitatu au sita, nyuma chuma kitupu. Ikiwa kadi inasema viti vitatu, watoto wanne waliokaa nyuma juu ya godoro hawana mikanda, hawana haki kwa askari, na likitokea la kutokea kampuni ya bima itashika kadi hiyo hiyo kuwakatalia. Nawaomba kama mama: tafuteni iliyosajiliwa ya abiria, au isajilini upya ikishafungwa viti na mikanda ya kweli, iliyoshikwa na bolti kwenye chesisi na si kwenye ubao. Kitanda kiwe cha kukunja, kikunjwe mchana, kila mtoto akae kwenye kiti amefungwa mkanda. Kulala ni gari ikiwa imesimama.

Siku ya kuikagua nendeni asubuhi, na mwambieni mwenye yadi asiiwashe kabla hamjafika. Injini iliyoamshwa kabla inaficha mengi. Fundi wenu afungue kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, atie kidole: maji yakiwa na mafuta ya rangi ya chai ya maziwa, rudini nyumbani. Kisha wewe mwalimu, usimwachie fundi peke yake, fungua mlango wa kuburuta, nyanyua mkeka pale kwenye ngazi ya kupandia. Hapo ndipo maji ya mvua na viatu vya mchanga hujikusanya. Chukua bisibisi, gonga kwa mpini polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia kikavu. Kilichooza kinanyamaza, na kilichozibwa kwa puti na kupakwa rangi kinatoa sauti ya ubao. Fanya hivyo hivyo kwenye matao ya tairi za nyuma, na pale mkanda wa kiti ulipofungwa. Gari zilizotoka sehemu za baridi za Japani kama Hokkaido zimepita kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi, na huku zinakuja kukutana na chumvi ya kwetu. Ombeni karatasi ya mnada wa Japani. Ikiwa daraja lake ni R au RA, gari ilipata ajali ikatengenezwa. Cheti cha kuitoa Japani nacho huandikwa kilomita za ukaguzi wa mwisho, zilinganisheni na zilizo kwenye dashibodi.

Mkishaipata, kila mkirudi Vumawimbi ioshwe chini kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyo hiyo, si ya kesho. Na mkienda huko msiingie kimya kimya, njia inapita msitu wa hifadhi wa Ngezi, zungumzeni na watu wa misitu, na mumwone sheha, kiongozi wa serikali wa pale, mumwambie mtalala wapi. Atawaonyesha pia maji yanafika wapi bamvua likija.

Jambo moja niruhusu nilitilie mkazo zaidi ya yote niliyosema ya pesa. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata liwe limebaki makaa mawili, hata mvua iwe inanyesha. Moshi wake mbaya hauna harufu wala rangi, na unaua watu wakiwa usingizini. Mtungi wa gesi ufungwe na ukae nje usiku. Pika nje, umbali wa hatua kadhaa na gari na turubai la kulalia, na madirisha mawili yabaki wazi kidogo na wavu wa mbu.

Sasa jina. Umetoa milioni 6 katika 9, na mshahara wako utalipa nusu ya rejesho. Mali yako ni yako, ndoa haikuichanganya na ya mume. Gari ikiandikwa jina lake peke yake, na akatangulia yeye, gari nzima inaingia kwenye mirathi, na wewe uliyeilipia unapewa thumuni kwa kuwa una watoto. Hata ndugu zake wakiwa watu wema, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inagawa kwa karatasi iliyo mbele yake. Ukitangulia wewe na gari iko kwa jina lako peke yako, mume naye anabaki na fungu lake la mirathi tu. Basi andikeni majina mawili kwenye kadi kama inawezekana, na juu ya hivyo andikeni karatasi yenu, mwenye sehemu hii fulani na mwenye sehemu hii fulani, mbele ya mashahidi, kila mmoja abaki na nakala. Mzungumzie mumeo hili jioni moja mkiwa mmetulia, umwambie ni kwa ajili ya watoto. Mwanamume muungwana haoni haya kuandika haki ya mkewe.

SWALI

Bi Mkubwa, benki ya kawaida inanipa milioni 10 za kununua gari kwa asilimia 10 kwa mwaka, miezi 24. Benki ya pili inasema asilimia 17. Mke wangu anashangaa kwa nini bado nafikiria. Je, ya kwanza si rahisi?

Mfanyakazi wa serikali, Fuoni

JIBU

Muulize wa kwanza asilimia 10 ya nini. Ikiwa ni ya milioni 10 nzima kwa miaka yote miwili, basi riba ni milioni 2, unalipa 500,000 kila mwezi, jumla milioni 12. Maana yake hata mwezi wa ishirini, ulipokwisha kulipa sehemu kubwa ya deni, bado unatozwa kana kwamba unadaiwa milioni 10. Wa pili akiwa anahesabu asilimia 17 juu ya salio linalobaki, utalipa kama 494,000 kwa mwezi, jumla kama 11,870,000. Ile ya 10 ukiigeuza ihesabiwe kwa salio inafika asilimia 18. Mimi kwa nafsi yangu riba nimeikimbia, lakini umeniuliza hesabu na hesabu ni hiyo. Usiulize asilimia ngapi, uliza jumla nitarejesha shilingi ngapi, pamoja na ada ya fomu, bima na chochote wanachokata siku ya kwanza. Waandike, watie muhuri. Na usiache kumuuliza mwenye 17 akuonyeshe ukimaliza kwa mwaka mmoja utalipa nini, maana kwa hesabu ya salio kumaliza mapema kunakupunguzia kweli.

SWALI

Shangazi, nina Noah, nataka kuifunga kitanda niikodishe kwa wageni wa Jambiani walale ufukweni, ijilipie mkopo wake. Nianze?

Kijana wa Paje

JIBU

Usianze na kitanda, mwanangu, anza na bima. Bima uliyonayo ni ya gari binafsi. Siku ukimkodisha mgeni akagonga mtu, kampuni itauliza gari ilikuwa inafanya nini, na jibu la kweli litakunyima fidia huku mkopo ukiendelea. Nenda kwa kampuni yako ya bima uulize bei ya gari ya kukodisha, kisha Kamisheni ya Utalii uulize leseni. Mwone na sheha, maana ufukwe una wenyewe, kuna wavuvi na kina mama wa mwani wanaoshuka alfajiri. Ukishajua hizo gharama, ziweke pamoja na rejesho la mwezi, halafu ulichukulie kuwa Aprili na Mei, mvua za masika zikikaza, hukodishi hata siku moja. Ikiwa mshahara au kazi yako nyengine inaweza kubeba miezi hiyo miwili bila ya Noah kuingiza senti, nenda kwa fundi seremala. Kama haiwezi, endelea kuitumia ilivyo, ulipe deni kwanza.